Timu ilishuka daraja, saini zikabaki

Katika nyumba moja mjini Njombe, juu ya kabati la vyombo, kuna boksi la viatu lililofungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Ndani hamna viatu. Mna kadi 21 za wachezaji wa Njombe Mji, timu iliyocheza Ligi Kuu msimu mmoja kisha ikashuka daraja.

Kwa mgeni, hizo ni picha za gazeti zilizobandikwa kwenye vipande vya boksi. Hata mama mwenye nyumba aliziona hivyo. Asubuhi moja ya baridi ya Julai 2018 alilishusha boksi hilo na kuliweka kando ya jiko la mkaa, akitafuta cha kuwashia moto. Mwanaye wa kwanza, wakati huo yuko darasa la saba, alilikwapua kabla kiberiti hakijawaka. Mama na mwana hawakusemeshana hadi jioni.

Leo mama huyo huyo ndiye anayelipangusa vumbi. Kilichombadilisha si mpira.

Msimu wa neema

Mwaka 2017 Njombe Mji ilipanda Ligi Kuu pamoja na Lipuli ya Iringa na Singida United. Kwa watu wa Njombe, waliozoea kusikiliza mpira redioni au kusafiri kwenda Mbeya kuwaona Simba na Yanga, hilo lilikuwa jambo kubwa. Uwanja wa Sabasaba, ambao watoto walikuwa wakikatiza kwenda shule, ghafla ukawa unatajwa nchi nzima.

Mtoto huyo alikuwa na miaka 12. Alianza kukata picha za wachezaji kwenye Mwanaspoti na magazeti mengine ya michezo ambayo baba yake alimletea yakiwa yamesomwa na watu wanne watano. Alikata vipande vya boksi vinavyolingana, akapika gundi ya unga wa ngano, akabandika picha na kuzilaza chini ya godoro zinyooke. Kisha akaanza kazi ngumu zaidi, kutafuta saini.

Alijifunza mambo haraka. Kalamu ya wino haiandiki vizuri juu ya picha ya gazeti, karatasi hulowa na kuchanika. Hivyo aliacha nafasi ya vidole viwili chini ya kila picha, boksi likiwa tupu, mchezaji asaini hapo. Alijifunza pia kwamba mchezaji aliyefungwa haombwi saini getini. Unamsubiri siku ya mazoezi, unamsalimia kwanza, unampa kalamu iliyokwisha kufunguliwa.

Septemba 10 mwaka huo Yanga walikuja Sabasaba na kushinda 1-0 kwa mpira wa adhabu wa Ibrahim Ajibu. Watoto wengi walikimbilia basi la Yanga. Yeye alibaki upande wa pili, akiwasubiri waliofungwa, na siku hiyo hakupata saini hata moja.

Baba wa Makambako

Baba yake alikuwa na stoo ya viazi Makambako, kilomita zipatazo 60 kutoka Njombe. Huko barabara ya kutoka Songea na Njombe inaingia kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, na reli ya Tazara inapita. Malori hulala hapo, mabasi husimama hapo, na mtu wa viazi hushinda na hukesha hapo. Baba alikuwa anarudi nyumbani Jumamosi jioni na kuondoka Jumatatu alfajiri.

Njombe Mji ilipokwenda kucheza Mbeya, Dar es Salaam au Mwanza, ilibidi ipite Makambako. Mtoto alipoligundua hilo alimkabidhi baba yake kadi saba za wachezaji waliomshinda pale Sabasaba. Baba alicheka, akazitia kwenye mfuko wa koti pamoja na risiti za mizigo.

Alizirudisha moja moja, msimu mzima. Kila aliporudisha kadi, nyuma yake alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa kulala, kama anavyoandika kwenye daftari la mizigo: mahali, tarehe na saa. "Makambako, saa 7 usiku, mvua." "Makambako, saa 11 alfajiri, walikuwa wanakunywa chai." Mtoto hakupenda. Aliona baba anamchafulia kadi.

"Saini bila mahali ni mchoro tu," baba alimwambia. "Siku moja utataka kujua mtu huyu alikuwa wapi."

Msimu haukuwa mzuri. Aprili 2018 Simba walifika Sabasaba wakiwa njiani kuutwaa ubingwa na wakashinda 2-0, mabao ya John Bocco. Msimu ulipokwisha, Njombe Mji ilishuka pamoja na Majimaji ya Songea. Wachezaji wakatawanyika kama wapangaji wa nyumba iliyouzwa. Shuleni, mwenye kadi za Njombe Mji akawa wa kuchekwa.

Wakati huo mkusanyo ulikuwa na kadi 21. Saini 13 alizipata mtoto, saba alizipata baba. Moja, ya golikipa David Kisu, haikupata saini. Kila walipomvizia, golikipa alikuwa amekwisha kuondoka.

Ndipo mama alipolisogeza lile boksi jikoni. Baba aliporudi Jumamosi na kusimuliwa ugomvi, alisema maneno ambayo nyumba nzima inayakumbuka hadi leo: "Timu imeshuka. Watu hawajashuka."

Ilikuwa kweli. Kisu alikuja kudaka Gor Mahia ya Kenya. Ditram Nchimbi, mshambuliaji ambaye kadi yake ilisainiwa Makambako, alifunga mabao matatu dhidi ya Yanga Oktoba 2019 akiwa na Polisi Tanzania, mechi ikaisha 3-3. Mwezi huo huo alifunga bao ugenini, Taifa Stars ilipoitoa Sudan na kufuzu fainali za Chan. Baadaye Yanga wenyewe wakamsajili.

Wakati huo kijana alikuwa kidato cha kwanza. Mwenzake wa bweni, shabiki wa Yanga, alimpa ofa ya Sh5,000 kwa kadi ya Nchimbi. Alimpigia simu baba kuuliza. Baba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Uza. Lakini ukiuza hiyo, umeuza na usingizi wangu wa usiku ule."

Hakuuza.

Nchini Marekani kukusanya kadi ni biashara kubwa. Za wachezaji wa besiboli zilianza kutiwa kwenye pakiti za sigara karne ya 19, baadaye zikauzwa pamoja na bigijii, na watoto wakakua wakiwinda saini za timu wanazozipenda. Agosti 2022 kadi moja ya Mickey Mantle, iliyochapishwa mwaka 1952, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Njombe hakuna mnada wa namna hiyo. Kadi za boksi la viatu bei yake ya juu ilikuwa ile Sh5,000, na ilikataliwa.

Asubuhi ya kikombe

Februari 2023 kijana alikuwa nyumbani, amemaliza kidato cha nne, anasubiri kupangiwa shule. Baba alikuwa na miaka 52. Miaka mitatu nyuma aliambiwa ana presha, akapewa dawa, akazimeza miezi kadhaa. Alipoona hana kichwa wala kizunguzungu aliziacha, kwa kuamini amepona. Presha haina tabia ya kubisha hodi. Mtu anaweza kuwa nayo juu miaka mingi asisikie chochote, na ndiyo maana dawa zake humezwa hata siku ambazo mtu anajisikia mzima.

Asubuhi moja pale stoo, kikombe cha chai kilimponyoka mkononi. Vijana wa mizigo waliona mdomo umekwenda upande. Alitaka kusema, yakatoka maneno yasiyoeleweka. Mmoja alisema ni uchovu, mwingine akasema ametupiwa kitu. Walimlaza juu ya magunia, kisha wakamsafirisha hadi nyumbani, na nyumbani wakaanza kwa maombi. Alifikishwa hospitali siku iliyofuata.

Alikuwa amepata kiharusi. Hapa familia nyingi hupoteza muda kwa nia njema. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, safari ni moja tu, kwenda hospitali saa ile ile, kwa kuwa kila saa inayopita sehemu ya ubongo iliyokosa damu inazidi kuharibika. Maombi yanaweza kuendelea ndani ya gari.

Baba alirudi nyumbani baada ya wiki mbili. Mkono na mguu wa kulia havikuwa na nguvu. Maneno yote yalikuwa yamepotea isipokuwa moja: "Kamwene." Ni salamu ya Wabena, na baba aliisema kwa kila kitu. Akitaka maji, kamwene. Akiumwa, kamwene. Saa 8 usiku, kamwene. Binti mdogo, aliyekuwa darasa la nne, alikuwa akimjibu kila mara, "Kamwene, Baba," mpaka mama akaenda kulilia nje.

Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndimo lugha ilimokaa. Ndiyo maana mara nyingi waliopooza upande wa kulia hupoteza na maneno. Lakini kupoteza maneno siyo kupoteza akili. Mtaalamu wa mazoezi aliwaeleza hivyo siku ya kuruhusiwa: zungumzeni naye, msimsemee, mpeni muda, muulizeni maswali anayoweza kuyajibu kwa kuonyesha. Nyumbani ni kijana peke yake aliyeyashika maneno hayo. Wengine walikuwa na mengine ya kufikiria.

Kikao cha shamba

Kubwa lilikuwa fedha. Stoo ilifungwa. Kilichobaki ni shamba la miti, ekari nne za misindano ambazo baba alizipanda mwaka 2012, mwaka ambao binti yake alikuwa bado hajazaliwa. Mnunuzi wa mbao alikuwa tayari kulichukua lote, ardhi na miti, kwa bei ya haraka.

Baba mdogo ndiye aliyeleta habari. Hakuwa mtu mbaya. Gharama za hospitali alizilipa yeye, na bado alikuwa anadaiwa kwa ajili hiyo. Alitaka kikao cha ukoo kikubali kwamba kaka yake hawezi tena kuamua, ili yeye asaini kwa niaba yake.

"Mtu ambaye neno lake ni kamwene tu, utamuuliza nini kuhusu shamba?" alisema. Shangazi alitikisa kichwa kwa huzuni. Mama aliangalia chini. Baba alikaa kwenye kiti chake pale pale sebuleni, akiwatazama wanavyomjadili kama vile ameshazikwa.

Kijana alikuwa na miaka 17. Kwenye kikao cha wakubwa hakuwa na nafasi ya kusema. Aliinuka, akapanda kwenye kigoda, akashusha boksi la viatu.

"Shikamoo Baba Mdogo," alisema, ingawa walikuwa wamekwisha kuamkiana. "Naomba kumuuliza Baba swali moja."

Alizipanga kadi zote 21 mezani, picha juu, maandishi ya nyuma yakiwa yamefichika. Alizichanganya. Kisha akapiga magoti mbele ya baba na kuuliza polepole: "Baba, zipi ulinitafutia wewe Makambako?"

Kimya kilikuwa kirefu. Shangazi alitaka kusema kitu, mama akamshika mkono. Baba alizitazama kadi muda mrefu, kisha mkono wake wa kushoto ukanyanyuka. Akavuta moja pembeni. Akavuta ya pili. Ya Nchimbi aliivuta bila kusita. Alipofika kwenye ya Kisu aliigusa, akaiacha, akacheka upande mmoja wa uso. Alipomaliza, kadi zilizo pembeni zilikuwa saba.

Kijana alizigeuza moja moja na kumpa baba mdogo asome. "Makambako, saa 7 usiku, mvua." "Makambako, saa 11 alfajiri." Zote saba, kwa mwandiko wa kaka yake, mwandiko ambao baba mdogo aliujua tangu wakiwa shule ya msingi. Hakuzimaliza. Alizirudisha mezani akatoa kitambaa.

Baada ya hapo kikao kiligeuka. Badala ya kuulizana wao kwa wao, walimgeukia mwenye shamba. Auze lote? Alitikisa kichwa kwa nguvu, "Kamwene!" kwa sauti ambayo kila mtu aliielewa kuwa ni hapana. Baba mdogo akanyoosha vidole vinne mbele yake. Baba aliushika mkono wa mdogo wake, akavikunja vidole vitatu, akakiacha kimoja kimesimama.

Iliuzwa ekari moja. Mtu asiyeweza kuandika anaweza kuweka alama ya dole gumba mbele ya mashahidi, na baba aliweka la kushoto. Deni la hospitali lilipungua, dawa za presha zikanunuliwa, na ekari tatu za miti bado zimesimama.

Maneno yanarudi

Tangu siku hiyo kadi zilikuwa dawa ya kila jioni. Kijana alionyesha picha, akataja jina, akasubiri. Hakuna muujiza katika mazoezi ya namna hii, ni kurudia tu. Wiki zilipita baba akisema kamwene kwa wachezaji wote 21.

Neno la pili lilitoka Mei. Mama alikuwa anapika, akasikia kutoka sebuleni, "Kisu." Aliacha sufuria, akachukua kisu cha mboga mbio mbio akampelekea, akitetemeka kwa furaha na kwa hofu kidogo. Baba alikitazama kisu, akamtazama mama, akainua kadi ya golikipa asiye na saini. Mama alikaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka. Sasa jina la golikipa huyo analijua vizuri kuliko mashabiki wengi.

Yalifuata majina mengine, kisha la binti, kisha "chai" na "baridi". Sentensi bado ni nzito. Mguu umepata nguvu kiasi cha kwenda kwa fimbo mpaka kanisani. Mkono wa kulia haujarudi.

Katika miezi hiyo, usiku mmoja baada ya baba kulala, kijana alizigeuza kadi zote na kuona kitu ambacho hakukifikiria alipokuwa na miaka 12. Daftari za mizigo zilitupwa stoo ilipofungwa. Barua baba hakuwahi kuandika, alikuwa mtu wa simu. Mwandiko wa mkono wake wa kulia ulibaki nyumbani humo mahali pamoja tu, nyuma ya zile kadi saba alizodhani zimechafuliwa.

Alikwenda dukani akanunua mifuko midogo ya plastiki ya kuhifadhia vyeti, akaiweka kila kadi kwenye mfuko wake. Boksi likahamishwa kutoka karibu na jiko, ambako moshi na unyevu huharibu karatasi, likapelekwa juu ya kabati. Mama ndiye aliyechagua mahali.

Kijana sasa yuko mbali kimasomo. Kabla hajaondoka, mdogo wake alimletea kadi ya 22 aliyoitengeneza mwenyewe kwa boksi la sabuni na gundi ya unga. Picha ilikuwa ya pasipoti, ya baba, ile aliyopiga kwa ajili ya leseni ya biashara. Chini aliacha nafasi ya vidole viwili, kama alivyoona kwenye nyingine.

Baba alipewa kalamu iliyokwisha kufunguliwa. Alisaini kwa mkono wa kushoto, herufi tatu zilizopinda, ilimchukua muda kama wa kunywa kikombe cha chai. Kisha akaigeuza kadi, akaitazama nyuma palipo patupu, akamrudishia kijana kalamu.

Kijana akaandika: "Njombe, saa 2 usiku, baridi."